Mbuzi Wetu Ndani ya Kompyuta

Harufu ya dizeli asubuhi, kabla jua la Kakuma halijaanza hasira zake, hunirudisha mbio hadi kwenye chumba kimoja cha mabati shuleni kwetu, chenye kompyuta tatu zilizoendeshwa kwa jenereta, mbili zikiwa zimekufa. Wengine wakiisikia harufu hiyo hufunika pua. Mimi huivuta. Mimi ni mtu wa jenereta, msomaji wangu. Nawasha taa za nusu ya mtaa huu, na kama unasoma haya karibu na soko letu, huenda balbu iliyo juu ya kichwa chako ni yangu. Sekondari sikuiingia. Nasema hivyo bila aibu, na wenye digrii wanaokuja kuniomba waya wanalijua hilo.

Mwaka 2012 nilikuwa darasa la saba na ndevu zilishaanza kuchungulia. Kwetu hilo si ajabu. Nilianza shule nikiwa mkubwa, kwa sababu mbuzi wa baba, kule Lopur, walinihitaji kwanza. Lakini hesabu zilinipenda, jamani, zikanifuata kama mwanambuzi anavyomfuata mama yake. Mwalimu Barasa, aliyetoka Bungoma na kulilalamikia joto letu kila siku kana kwamba tulilileta sisi, ndiye aliyesikia kuwa kuna masomo ya hesabu za juu yanayofundishwa kwa mtandao, kutoka ng'ambo, kwa watoto wenye vipaji. Akatupakia kwenye pikapu hadi Lodwar kufanya mtihani wa kuingia. Nilirudi na vumbi mpaka kwenye meno. Tulipita wawili: mimi, na Furaha, msichana Mkongo aliyeishi kwenye kambi ya wakimbizi na mama yake na kusoma darasa moja nami. Watu walisema nimebahatika. Bahati gani? Nilikuwa hodari.

Aliyetufundisha alikuwa mama mmoja ambaye hatukuwahi kumwona uso. Kila wiki aliweka maswali, sisi tukayajibu kwenye karatasi, na Mwalimu akazipiga picha na kuzituma, kama mtandao umeamka vizuri siku hiyo. Hayakuwa maswali ya kujumlisha na kutoa. Yalikuwa ya kukufanya usahau chakula kilicho mbele yako. Na mtoto ambaye angefika mwisho wa mwaka uliofuata akiwa anafanya vizuri angeingia ngazi ya pili, na hao watu wangemsomesha sekondari. Kwangu hapakuwa na njia nyingine. Baba alikuwa ameshasema: darasa la nane likiisha, narudi kwa mbuzi.

Sasa nikueleze jambo. Kwetu mbuzi akichinjwa, wanaume huketi nusu duara mchangani, nyama ikagawanywa, na hata mpita njia akapata. Hakuna anayekula amejificha. Ukijificha, jina lako linaoza mpaka kwa watoto wako. Hakuna aliyenifundisha hilo kwa maneno, nililikuta nyumbani kama nilivyoikuta sura yangu. Kwa hiyo lilipokuja swali tamu, ningelilaje peke yangu? Tuliketi nusu duara mbele ya ile kompyuta, mimi na Furaha na watoto wengine ambao hata hawakuandikishwa, Wasomali, Wasudani, Waturkana, kila mmoja akitupa neno lake.

Swali la mwisho, mwaka 2013, lilihusu wageni wa karamu. Baadhi yao wamegombana. Tutafute meza chache kabisa zitakazotosha, ili waliogombana wasiketi pamoja, kisha tuthibitishe kwamba haziwezi kupungua.

"Karamu gani hii ya watu wasiosalimiana?" nikauliza.

"Kwani kwenu mbuzi hawapigani?" Furaha akanijibu. "Weka mbuzi, weye."

Basi! Nikachora mbuzi wagomvi, mmoja wao wa pembe moja, na visima vya kuwanyweshea badala ya meza. Nikaenda mpaka katikati, nikakwama. Furaha akaninyang'anya kalamu, akaanzia mwisho kurudi nyuma, akatokea palepale nilipokwama. Watoto walipiga kelele mpaka Mwalimu akaja mbio na fimbo akidhani kuna nyoka.

Kila mmoja wetu akaandika karatasi yake, tukatuma.

Sasa mwone yule mama wa ng'ambo. Ameuliza wageni na meza. Amepokea karatasi mbili za mbuzi na visima, na mbuzi wa pembe moja yumo kwenye zote. Akajibu kwamba kazi ni safi, ila kanuni inataka kila mtoto afanye peke yake. Kwa hiyo kila mmoja aandike, bila kumwonyesha mwenzake, kazi hii ni ya nani. Mwenye kazi ataendelea. Mwingine atatoka.

Mwalimu akanivuta kando. "Ekiru, tumia akili. Huyo msichana hajawahi kuchunga hata kuku. Mbuzi ni wako, kila mtu anaona. Andika ni yako, mambo yaishe."

"Nusu ni yake, Mwalimu."

"Nusu! Nusu itakupeleka sekondari?"

"Basi nisiende."

"Utarudi Lopur unuke mbuzi maisha yako yote!"

"Mbuzi hanuki, Mwalimu. Pua yenu ndiyo ngeni huku."

Furaha alikuwa amesimama nje, mikono kifuani. Nikamuuliza ataandika nini. "Haikuhusu," akasema. "Miye siko mwizi. Andika yako." Angeweza kuandika lolote, na mama yake hakuwa na tegemeo lingine.

Nikaandika: Ni yetu. Furaha naye, bila kuniona, akaandika: Ni yetu. Tukajibiwa kwamba majibu yetu yamefanana tena, na tukafungiwa wote wawili.

Cheka tu. Mimi siku ile nilipiga teke jerikeni mpaka kidole kikavimba.

Nikaenda Lopur kwa miguu, nikiwa nimejiandaa kwa viboko. Baba alikuwa ameketi kwenye kigoda chake. "Ejok," nikamsalimu. Nikamweleza yote. Hakuelewa kompyuta, wala ng'ambo, wala ngazi ya pili.

"Hicho kitu mlikipata pamoja?" akauliza.

"Pamoja, baba."

"Na wao wakataka useme umekula peke yako?"

"Ndiyo."

Kesho yake akachinja dume, na wala hatukuwa na madume ya kuchezea. Akaita majirani, na walipokwisha kuketi, akanipa kisu mimi, kijana, nigawe. Nikagawa nimenuna. Niliamini anasherehekea kumpata mchungaji wake.

Furaha na mama yake walihamishiwa nchi za baridi. Alisoma mpaka akazichosha hesabu zenyewe, na sasa ananiambia kazini kwake wakubwa wenye digrii huzunguka meza moja kulitafuna swali moja, na husifiwa kwa kushirikiana. Sisi watoto wa Kakuma tulipofanya hivyo, tuliambiwa tumevunja kanuni. Akinipigia huanza vilevile: "Weye, mbuzi wetu wako wazima?" Namjibu wamezaana.

Nami, miaka mingi baadaye, nilipopata jenereta ya kwanza, watu walinishauri niwashe duka langu tu, wateja wakimbilie kwangu. Nikavuta waya mpaka kwa majirani, hata kwa mshindani wangu. Nilikuwa juu ya ngazi, koleo mkononi, baba ameshazikwa, ndipo nikakikumbuka kile kisu. Mzee hampi kijana kisu mbele ya wakubwa wake kwa sababu amefurahi. Humpa yule asiyeutanguliza mdomo wake mwenyewe. Baba ndiye mtu pekee aliyenisahihishia ile kazi, na alinipa alama zote.

Kwa hiyo yule mama, popote alipo, alete tena swali lake. Jibu ni lilelile, na wenyewe ni walewale.