Upande wa Pili wa Kaseti

Ipo siku moja, mwanangu, hunirudia kila nisikiapo jogoo akiwika mchana. Nakumbuka nimeketi mbele ya darasa katika chuo kikuu kimoja huko Ujerumani, theluji inaanguka nje bila haraka wala sauti, na wanafunzi kumi na wanne wamevaa hedifoni, macho wameyafumba. Wanamsikiliza mama yangu. Yeye mwenyewe yuko kwetu Rangwe, upande wa Ziwa Victoria, pengine anapeta mtama saa hiyo, wala hajui kwamba sauti yake imejaa chumba cha Wazungu. Nao wanamfuatisha kwa minong'ono, neno kwa neno, hata nikaona kama ziwa limeingia mle ndani na omena, wale dagaa wetu, wameanikwa juu ya madawati. Mara jogoo akawika ndani ya kaseti, darasa zima likacheka.

Mimi pia nilicheka. Kicheko hicho ndicho ninachotaka kukusimulia.

Nasikia nawe umepata barua ya kwenda ng'ambo kuwa mwalimu msaidizi wa Kiswahili. Hongera sana. Juu ya baridi sitakushauri kitu, koti utalinunua hukohuko. Juu ya chakula chao pia sina neno, utazoea viazi kama nilivyovizoea. Nina jambo moja tu, nalo ni refu kidogo, basi kunywa chai yako polepole.

Nilikwenda katika miaka ya tisini. Kabla ya hapo nilifundisha shule ya upili huko Migori, kijana mwenye tai mbili na maneno mengi. Habari zilipofika sokoni Rangwe kwamba mtoto wa mama Ochieng' anakwenda kufundisha Wazungu Kiswahili, watu walishika mbavu. Mjaluo! Mama mmoja muuza nyanya aliniuliza, "Sasa hao wazungu watarudi hapa wakiongea kama sisi? Woi, Mungu awasaidie."

Asiyecheka alikuwa Mzee Salim. Huyu alikuwa mtu wa pwani aliyehamia Homa Bay zamani na kufungua duka la vitambaa, na mama alikuwa mteja wake tangu sijazaliwa. Alinipa kikoi kipya akaniambia, "Nenda, mwanangu. Lugha haimuulizi mtu kabila. Humuuliza adabu."

Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Profesa alifundisha sarufi, mimi nikawa wa kuzungumza tu, ili wanafunzi wasikie ulimi wa mtu anayekiishi Kiswahili. Lakini mwaka wa kwanza ulipokwisha nilikuwa nimeishiwa. Nilishawaeleza harusi, mazishi, soko, mvua, mpaka niliwaona wakipiga miayo kwa heshima. Ndipo nikamwandikia mama. Mdogo wangu Otieno, aliyekuwa nyumbani, alimsomea barua. Nilimwomba anirekodie kaseti, aeleze kazi yake ya kuuza omena, kwa Kiswahili.

Fikiria jambo hilo. Mama yangu alikuwa akiota kwa Dholuo, lugha yetu Wajaluo, na kusali kwa Dholuo. Kiswahili kwake kilikuwa cha sokoni na cha ofisi ya chifu. Lakini mtoto ameomba. Aliazima redio-kaseti ya Mzee Salim, akaifunga kwa leso, akaipakata kutoka Homa Bay mpaka nyumbani kana kwamba ni mtoto mchanga. Kaseti ilinifikia mwezi wa Novemba, imeletwa na mwalimu mmoja aliyekuja masomoni.

Upande wa kwanza ulikuwa wa wanafunzi. Alisema, "Omena inaletwa asubuhi kutoka Mbita. Lazima uanike na jua kali. Ukianika na mawingu, itaoza na wateja watakutukana." Akaeleza jinsi ya kupima kwa gorogoro, lile kopo la sokoni, na jinsi ya kuongeza kiganja kimoja juu, ili mteja arudi. Katikati jogoo akawika, naye mama akamfukuza kwa Dholuo, kisha akaomba msamaha kwa Kiswahili. Mwishoni akasema hivi, na maneno haya nayasikia mpaka leo: "Hiyo ni ya wanafunzi yako. Upande ile ingine ni yako, Ochieng', nyathina." Nyathina maana yake mtoto wangu.

Sikuugeuza.

Usinitazame hivyo. Nilikuwa na sababu, na kila aliyeishi mbali na kwao ataitambua. Niliogopa. Sauti ya mama kwa Kiswahili ilikuwa kazi, na kazi niliiweza. Sauti ya mama kwa lugha yetu ingenikalisha chini nilie, na mbele yangu kulikuwa na baridi nyingi ya kumaliza. Tena nilijua kaseti za nyumbani hazikosi ombi. Nikasema nitaisikiliza Jumapili, nikitulia. Chuo kikanakili upande wa kwanza kwa ajili ya darasa. Ile kaseti ya mama nikaitia kwenye droo ya meza, chini ya soksi. Jumapili zikapita, moja baada ya nyingine. Wahenga walishasema, linalowezekana leo lisingoje kesho, nami methali hiyo nilikuwa nikiifundisha.

Krismasi nikawatumia kadi na picha ya wanafunzi wangu. Niliandika, "Asanteni sana kwa kaseti, tumeifurahia mno." Mno! Aibu yake sijaimaliza.

Na kuna ovu zaidi, nikwambie ili usiseme mzee alijificha. Muhula ule niliwapa wanafunzi kalamu nyekundu nikawaambia watafute makosa ya Kiswahili ya mama. Walipata mengi. Nikawasifu.

Ilikuwa Juni, miti imejaa majani, tunamaliza mwaka. Katika darasa langu alikuwamo mama mmoja mtu mzima, Bi Helga, muuguzi mstaafu. Alikuwa mzito wa ulimi lakini hakuwa na haraka ya maisha. Siku hiyo aliinua mkono. "Mwalimu, naomba kuuliza. Mama anasema upande ule mwingine ni wako. Upande ule, alisema nini?"

Nilitaka kutania, lakini ukweli ukatangulia. Nikasema, "Bado sijasikiliza, Bi Helga." Hakunilaumu. Alinitazama tu, jinsi wauguzi wanavyomtazama mtu asiyemeza dawa, akasema, "Miezi saba?"

Nilikwenda chumbani mchana huohuo, nikafungua droo.

Mwanangu, kwetu Waluo mwanaume hahesabiki amesimama mpaka atoke katika boma la baba yake na kuanzisha lake mwenyewe. Hilo ndilo dala. Na hatoki peke yake. Alfajiri ya siku hiyo yeye hubeba jogoo, mke wake hubeba moto, na kifungua mimba wa kiume hubeba shoka. Kifungua mimba asipokuwapo, hakuna safari. Mdogo wake hawezi kumpita, hata awe na nguvu za ng'ombe wawili. Baba yangu ujana wake wote aliumalizia mashamba ya chai kule Kericho, akarudi akiwa na mvi na kukaa kwenye kona ya boma la babu. Kufa kabla ya kutoka, akazikwa hapo kama kijana ambaye hajajenga, ndiko alikokuogopa kuliko kifo chenyewe. Na kifungua mimba wake ni mimi.

Sauti ya mama ikaja, sasa kwa Dholuo, nyepesi, imevua viatu. Alisema, "Ochieng', baba yako amepata kiwanja, karibu na ile chemchemi. Wazee wamekubali. Otieno amekwisha kukata nguzo. Tunataka kutoka kabla ya mvua ya Machi. Huyo jogoo uliyemsikia akipiga kelele ndiye tutakayekwenda naye, baba yako amemchagua mwenyewe. Tunakungojea wewe tu. Kama kazi haikuruhusu, tuma neno, hatutakasirika. Lakini tuma neno."

Kaseti ikaendelea kuzunguka. Nikasikia kikohozi. Baba yangu, aliyekuwa hataki hata kupigwa picha, akasogea kwenye ile mashine akasema maneno mawili. "Shoka nimelinoa."

Nililia, sitakuficha. Nililia mpaka jirani yangu akagonga ukuta.

Kesho yake nilipiga simu dukani kwa Mzee Salim, maana hapo ndipo palipokuwa na simu. Nilitaka awapelekee salamu. Aliniacha niseme yote. Kisha akasema, "Ile kadi yako ilisomwa hapa hapa dukani. Mama yako akaniuliza, 'Sasa amekubali ama amekataa?' Baba yako akasema, 'Ameshukuru, basi amesikia. Anakuja.' Amekifyeka kile kiwanja mara mbili, majani yakaota mara mbili. Mwezi uliopita mguu wake wa kushoto umekataa kazi." Akaongeza, "Mwanangu, ulimsikiliza mama yako kwa masikio ya mwalimu. Ya mtoto uliyaacha wapi? Wawasomeshaje watu lugha ambayo wewe mwenyewe huisikii?"

Hakupandisha sauti. Angenitukana ningepona haraka.

Mwezi wa Julai nikarudi. Nilimkuta baba ameketi nje ya nyumba, mguu ameunyoosha mbele kama kitu cha kuazima. Nilipiga magoti nikaanza kueleza, hedifoni, droo, Jumapili. Akaniinulia kiganja. "Umekula?" aliniuliza. Basi. Mpaka leo sijui kama alinisamehe au aliona tu kwamba maneno yamekwisha wakati wake.

Jogoo yule wa kwenye kaseti alikuwa ameshakufa kwa kideri, pamoja na kuku wote wa upande ule. Mama alinunua mwingine, mwekundu, mwembamba. Alfajiri tukatoka. Mama mbele na kigae cha moto, mimi na shoka, Otieno amemshika baba kiunoni, na baba amekumbatia jogoo. Kutoka boma la babu mpaka kwenye kiwanja ni mwendo wa kumaliza hadithi fupi. Sisi tulikwenda mpaka jua likatoka. Kila hatua chache baba alisimama, akatazama mbele, akapumua, akaendelea. Umande ulikuwa mwingi na ukungu umelala kwenye mabonde, nikaona kana kwamba tunatembea ndani ya ndoto ya mtu mwingine. Pahali fulani Otieno alisema, "Baba, nikubebe?" Baba akajibu, "Mtu habebwi kwenda kwake."

Tulifika. Nikakata mti wa kwanza kwa shoka lile. Lilikuwa kali bado. Mama aliniambia kila Jumamosi baba alilipaka mafuta. Majirani wakaja, na jua likizama nyumba ilikuwa imesimama. Baba akaingia, akaketi kwenye kigoda chake, akasema, "Sasa niko nyumbani." Uso wake ulikuwa wa kijana.

Alikaa katika dala lake wiki tisa, akatutoka.

Watu husema nilibahatika, kwamba nilifika kwa wakati. Amezikwa vyema, husema, huyu amezikwa kwake. Ni kweli, na namshukuru Mungu. Lakini mimi hupiga hesabu yangu ya siri. Ningeigeuza ile kaseti Novemba, baba angetembea kwa miguu yake, bila mkono wa mtu kiunoni. Angepanda mahindi ya Machi kwenye ardhi yake, akayaona yakichanua, akayachoma kwenye moto wa mama na kuwapa watoto wa majirani. Angekaa mlangoni jioni nyingi. Msimu ule wote niliufungia kwenye droo, chini ya soksi. Majuto ni mjukuu, mwanangu, na mjukuu huyu amekuwa mkubwa, ana mvi kama mimi.

Nilirudi Ujerumani kumaliza mkataba. Siku ya kwanza darasani nilichukua zile karatasi za kalamu nyekundu nikazichana. Nikaweka upande wa pili. Hawakuelewa hata neno moja. Nikawaambia wasiandike chochote, wasikilize tu. Yalipofika yale maneno mawili ya baba, Bi Helga alivua hedifoni akaziweka mezani taratibu, akainamisha kichwa.

Basi nasaha yangu ndiyo hiyo, imekwisha kujisema yenyewe. Fundisha vizuri, maana unakwenda kwa jina letu sote. Wape wageni lugha yetu kwa mikono miwili, na kiganja kimoja cha nyongeza juu ya gorogoro. Lakini usimgeuze mama yako kuwa somo kabla hujawa mtoto wake. Wakikuletea neno kutoka nyumbani, kwa barua, kwa simu, kwa kile kidude chako mfukoni kinachonguruma sasa hivi na wewe unajifanya husikii, lifungue siku hiyohiyo. Likiwa ombi usiloliweza, sema siwezi. Wazazi hawauawi na neno siwezi. Kinachowamaliza ni kungoja. Na ukijibu, usishukuru tu, jibu ulichoulizwa.

Kaseti ninayo bado. Redio ya kuichezea iliharibika siku nyingi, lakini mimi siihitaji. Jogoo akiwika mchana, najua ni upande gani wa kusikiliza.

Haya, inuka, nikushike kichwa. Mungu akupeleke salama, mwanangu. Akupe ulimi mwema na sikio lililo jema kuliko ulimi. Akushibishe huko uendako, na asikushibishe ukasahau. Na siku utakaporudi, wale wanaokungoja uwakute bado wanatembea.