Aliyekufa Hakuwa Steringi

Saa tisa na dakika kumi na mbili alasiri, Jumamosi iliyopita, kilio kilianza sebuleni kwangu hapa Nyahanga. Nilikuwa jikoni nachambua mchele. Saa naikumbuka kwa sababu nina tabia ya kutazama ukutani kila jambo linapoanza. Nilidhani mtoto ameungua. Nilipofika niliwakuta watoto watatu wa kaka yangu mbele ya televisheni. Mkubwa amejifunika uso kwa mto wa kochi, wa kati ameitupa rimoti chini ya meza, na mdogo, aliyekuwa akilia kwa niaba ya wote, akaning'ang'ania kanga.

"Shangazi, wamemuua!"

"Wamemuua nani?"

"Steringi!"

Walikuwa wameisubiri filamu hiyo kwa muda mrefu, sehemu ya tatu na ya mwisho ya hadithi ya shujaa mwenye nguvu zipitazo za binadamu. Waliijaza kwenye flashi pale stendi, wakafunga mapazia, wakakaanga bisi. Sasa mkubwa alikuwa ameshaingia kwenye kundi la wenzake la simu, na huko moto ulikuwa unawaka. Mmoja alisema aliyeandika filamu ile akamatwe. Mwingine aliapa kwamba ipo sehemu ya nne inafichwa, na marehemu atafufuka humo. Mwingine alikuwa ametuma picha ya jeneza tu, bila neno.

Sikuwacheka. Nilikaa nao mkekani. Kilio kile nilikuwa nakifahamu, rafiki yangu. Nilikilia mwenyewe nikiwa na miaka kumi na mmoja, kule Kagongwa.

Kama ulikulia upande huu, huhitaji kuelezwa banda la video lilivyokuwa. La kwetu lilikuwa nyuma ya mashine za kukoboa mpunga. Kuta zake zilikuwa magunia yaliyoshonwa pamoja, paa la mabati ya zamani, na viti ni mbao zilizolazwa juu ya matofali. Pumba zilipenya kila mahali. Ukitoka mle ndani nywele zako zilikuwa za njano na koo linawasha. Siku za kazi mashine zilinguruma hata mtu asisikie kitu, kwa hiyo mikanda mikubwa ilionyeshwa Jumapili saa nane mchana, watu wakiwa wameshatoka kanisani na mashine zimelala. Ilibaki jenereta tu, imefungwa kamba kwenye mti wa mwarobaini kama mbuzi.

Mtoto wa kike hakutarajiwa kuingia mle. Mimi niliingia kwa sababu bibi yangu aliuza karanga za kuchemsha na matobolwa, yale ya viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa juani, palepale mlangoni. Mwenye banda, mstaafu wa reli aliyependa sana matobolwa, hakuona njia ya kumkatalia mjukuu wa muuzaji. Nilikaa juu ya debe lililopinduliwa, mgongo wangu ukigusana na wa bibi. Yeye alitazama nje kwa wateja, mimi nikatazama ndani. Mara mojamoja aligeuka, akaangalia kidogo, akarudi kwenye karanga zake.

Kitu kikubwa zaidi cha banda lile hakikuwa televisheni, bali mtafsiri. Siku za kazi alikuwa fundi cherehani. Jumapili alisimama kando ya skrini na kipaza sauti kilichofungwa kitambaa, akatupa Kiswahili cha kila aliyefungua mdomo kule kwenye mkanda. Sidhani kwamba alikijua Kiingereza kiasi tulichoamini. Adui mkuu wa sehemu ya kwanza, kwa tafsiri yake, alikuwa mlanguzi anayenunua mpunga wa wakulima kwa debe lililotanuliwa. Watu walimchukia adui yule kuliko mwandishi wake alivyokusudia. Wazee wasiosikia Kiswahili vizuri aliwatupia maneno mawili matatu ya Kisukuma, nao wakajibu "wabeja", wakimshukuru kana kwamba amewapa maji.

Shujaa wetu tulimwita Mwewe. Aliruka, alivaa joho la rangi ya majivu, na alikuwa na nguvu za kuinua gari la moshi. Pamoja naye, katika sehemu zote, alikuwapo dereva mmoja mnene wa lori la takataka. Mwewe alijificha kwenye lori lake kila alipoelemewa, naye dereva alilalamika njia nzima kuhusu mafuta, mgongo na mkewe. Tulimcheka, tukamsahau.

Sheria ya banda ilikuwa moja: steringi hafi. Rafiki wa steringi aweza kufa katikati, ili steringi apate hasira. Adui lazima afe mwishoni. Lakini mhusika mkuu mwenyewe, apigwe risasi, atupwe mtoni, afungiwe ndani ya nyumba inayoungua, atatoka. Mimi sikuipokea sheria hiyo kwa kuambiwa tu. Nilikuwa na daftari lenye safu nne: jina la mkanda, jina la steringi, silaha yake, na mwisho wake. Kufikia mwaka ule nilikuwa nimeandika mikanda arobaini na mmoja, na katika safu ya nne neno "mzima" mara arobaini na moja. Shule yangu iliishia darasa la saba. Mengine yote niliyoyajua niliyasoma peke yangu, kitabu kwa kitabu, na naamini njia yangu ya kujifunza ilianzia katika safu zile nne.

Baadaye daftari lilipata sababu nyingine. Sehemu ya kwanza ya Mwewe niliitazama na baba. Juma lililofuata alipanda lori kwenda machimbo ya dhahabu, upande wa Geita, yeye na majembe mawili. Mvua zilikuwa zimetuangusha na mashamba yalikuwa makavu. Nilimlilia pale barabarani. Tulikuwa tumesikia habari za maduara, yale mashimo ya wachimbaji, yanavyoporomoka na watu ndani. Baba aliinama, akanishika masikio yote mawili kama alivyozoea.

"Unalia nini, mayu? Wewe si ndiye unayeandika? Steringi anakufaga?"

"Hafi."

"Basi."

Aliniita mayu, yaani mama, kwa sababu nilirithi jina la mama yake. Tangu siku hiyo kila "mzima" niliyoiandika niliihesabu kuwa ni ya baba. Sehemu ya pili ilipokuja alikuwa bado anatuma salamu kwa madereva wa malori. Baadaye salamu zikakoma. Sehemu ya tatu ilipofika Kagongwa, ilikuwa miezi minane hatujasikia neno lake. Mama aliacha kulitaja jina lake wakati wa kula. Bibi alizidisha ukimya. Mimi nilikuwa na daftari.

Jumapili hiyo watu walijaa hadi magunia yakavimba kwa nje. Mwuza nyama alikuja na kiti chake mwenyewe. Mwalimu wetu wa hesabu, ambaye siku nyingine alituchapa kwa kwenda bandani, alikaa safu ya pili na kofia imeshushwa hadi nyusi. Tukasalimia, "Shikamoo mwalimu," naye akaitikia "Marahaba" bila kugeuka.

Mkanda ulikwenda vizuri hadi karibu na mwisho. Adui alikwisha kufa, na watu wameshapiga makofi ya kumzika. Kisha mlima ukaanza kuporomoka juu ya njia ya chini ya ardhi, na ndani mlikuwa na watu. Mwewe akaingia, akasimama katikati, akalishika dari kwa mikono miwili. Watu wakapita chini ya kwapa zake, mmoja mmoja, wanawake, watoto, mbwa. Dereva mnene akawa wa mwisho. Mwewe akamwambia kitu. Mtafsiri hakutafsiri. Dari likashuka. Vumbi likajaa kwenye skrini, likatulia, na hakutoka mtu.

Ilisikika jenereta peke yake.

"Atatoka," alisema mtu.

Tukasubiri. Likaonyeshwa kaburi. Juu ya kaburi, lile joho la majivu.

Nimesikia vilio vingi baadaye, lakini sijasikia tena banda zima la wanaume likikosa pumzi kwa pamoja. Kisha ikawa vurugu.

"Rudisha nyuma!"

Mwenye banda akaurudisha mkanda. Mwewe akafa mara ya pili. Akaurudisha tena, akafa mara ya tatu.

"Mkanda feki huu! Wa kweli uko Kahama!"

"Mtafsiri, umelala? Mbona hukusema kitu?"

"Ndugu zangu," mtafsiri alisema, "mimi natafsiri tu. Siyo mimi niliyemuua."

"Sehemu ya pili ulisema ana dawa ya mababu! Ulisema chuma hakimwingii!"

"Chuma hakikumwingia. Ni mlima."

"Turudishie hela zetu!"

Mbao moja ikaanguka. Mwenye banda akalikumbatia kopo la viingilio kifuani. Mimi nilikuwa na kalamu mkononi na safu ya nne iko tupu, na sikuweza kuandika. Nilikuwa naliona dari lile likishuka, na chini yake hayupo Mwewe. Nilianza kulia kwa sauti ambayo sikuijua, na bibi akageuka kwa mara ya kwanza siku hiyo, akanikamata bega.

Ndipo mwuza nyama akasimama juu ya kiti chake.

"Tulieni! Steringi anakufaga?"

"Hafi!" banda likajibu, kwa mazoea.

"Huyu amekufa, hajafa?"

"Amekufa."

"Sasa mnapigania nini? Aliyekufa hakuwa steringi. Tulikosea tangu sehemu ya kwanza."

Niliwaona watu wakifikiri. Mwalimu wa hesabu akavua kofia.

"Basi steringi ni nani?" akauliza kijana mmoja. "Wote wamekufa. Amebaki yule bonge wa takataka."

Watu wakaangua kicheko. Bibi yangu, ambaye Kiswahili chake kilikuwa kidogo, akauliza kwa Kisukuma wanacheka nini, akaelezwa. Akasema, huku akifunga karanga, kwamba yeye yule mnene alimjua tangu mwanzo. Katika sehemu zote tatu, kila alipogeuka kutazama, ni yeye peke yake aliyemkuta anakula.

Mtafsiri akapaaza maneno yale kwa kipaza sauti, kwa Kiswahili, taratibu. Kicheko kikarudi, lakini cha aina nyingine. Mwenye banda, kopo likiwa bado kifuani, akaurudisha mkanda hadi mahali ambapo hakuna aliyekuwa amepaangalia, baada ya kaburi. Dereva anaegesha lori. Anapanda ngazi, mchafu, anachechemea. Anagonga mlango. Mkewe anafungua.

"Mama fulani," mtafsiri akasema kwa sauti nzito ya uchovu, "nimerudi. Nimechoka sana. Ugali upo?"

Banda likalipuka. Watu walipiga makofi, walipiga miluzi, walikumbatiana na waliokuwa wakitaka kupigana nao. Hakuna aliyedai hela tena. Nilifuta machozi kwa mkono wa gauni, nikaandika mkanda wa arobaini na mbili. Steringi: dereva wa lori. Silaha: hakuna. Mwisho: mzima.

Mabishano yaliendelea kule mashineni kwa majuma. Vijana waliotazama mkanda uleule Kahama walikuja kutucheka, wakaondoka wamechoka. Mwalimu aliniambia pembeni kwamba kanuni haiokolewi kwa kubadilisha jina la kinachopimwa. Alikuwa sahihi. Nimeshika kumbukumbu za mambo mengi maishani, mvua za kila msimu, bei za mpunga, uzito wa watoto wangu, na mstari ule ndio pekee ninaoujua kuwa si wa kweli. Sijaufuta.

Banda halipo. Pale pana duka la vioo, na mashine za kukoboa zimehamia ng'ambo ya barabara. Mtafsiri alifariki, na sauti yake haikurekodiwa popote. Ilikuwa inasemwa Jumapili na kuisha Jumapili ileile. Mwewe mwenyewe sijawahi kujua jina lake halisi. Siku hizi watoto wanalia kila mmoja na simu yake, na kundini wanajibiwa na watu wasiowajua. Hakuna mwuza nyama wa kusimama kitini.

Jumamosi ile nililitoa daftari sandukuni. Mdogo alilishika kwa vidole viwili, akasoma orodha yote hadi mwisho.

"Shangazi, kwenye hii ya kwetu nani alibaki?"

"Sijui. Sikuitazama. Nani alifika nyumbani?"

Wakatazamana, wakaitafuta rimoti chini ya meza.

Nikabaki na daftari. Nyuma ya ukurasa wenye mkanda wa arobaini na mbili kuna mwandiko wangu mwingine, wa majuma matano baadaye. Baba alishuka kwenye lori la dagaa asubuhi ya soko, amekonda, mguu mmoja hauendi sawa. Duara lao lilikuwa limeanguka mchana wa saa saba. Yeye alikuwa ametoka kwenda kula. Wenzake wanne hawakuwa na njaa bado. Aliyasema hayo mara moja, mbele ya bibi, na hakuyasema tena mpaka alipofariki kitandani kwake, mzee. Asubuhi ile alimwuliza mama kama ugali upo. Alipokwisha kula alitoa alichokuwa nacho mfukoni, akaniambia niandike, kwa kuwa mimi ndiye ninayeandika. Miezi kumi na tisa Geita: shilingi mia saba na hamsini.