Usizibe Pua ya Tangi

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata sasa masikio hunipata moto. Nilidhani nimeizika. Lakini juzi nimepita pale zinapopakia pikapu za Merti nikaiona moja mpya, inameta kama jino la dhahabu, ina tangi la ziada nyuma ya kebini, na kile kipaipu cha kupumulia tangi kimefungwa nailoni, kikakazwa kwa mpira wa tyubu kama jeraha la vitani. Nikamwuliza kijana mwenye gari nani amefanya hivyo. Akacheka.

"Mimi, mzee. Petroli ilikuwa inanuka. Nimeimaliza hiyo harufu."

Ameimaliza! Wallahi, chai niliyoshika mkononi ilichemka upya. Nikampa maneno ambayo sitayaandika hapa. Watu wakasema mzee amepandwa na jua. Si jua. Ujinga ule naujua mpaka kabila lake, kwa sababu mimi ndimi niliyeuleta Isiolo.

Miaka ya sabini nilikuwa dereva wa pikapu ya mjomba wangu, Isiolo hadi Merti na kurudi. Mchana nilishika usukani, jioni nikashika penseli katika shule ya ngumbaru, darasa la watu wazima wenye ndevu, wengine na wajukuu, na taa ya karabai ikipiga kelele kuliko mwalimu. Njia ya Merti haikuwa na petroli hata ya kulowesha utambi, kwa hiyo tangi la ziada lilikuwa kama kibuyu cha mchungaji. Huondoki bila hilo.

Letu lilitengenezwa na Fundi Warsame, mzee ambaye babu yake aliletwa Isiolo na jeshi la mkoloni, akaachwa hapa na koti zito kuliko yeye. Warsame alikuwa haongei. Kwa mwaka alisema labda maneno arobaini, na siku ile alinipa karibu yote. Alinionyesha kipaipu kilichochomoza juu ya tangi.

"Hii ni pua yake. Injini ikinyonya petroli, hewa inaingia hapa kushika nafasi. Futa vumbi tu. Usicheze na yeye."

"Najua, mzee," nikamjibu. "Hiyo tumesoma."

Mwanangu, ukisikia kinywa chako kinasema "najua" kabla mzee hajafunga chake, kipige kofi.

Basi alikuwako mama mmoja wa Biliqo, kijiji kilichopo njiani kwenda Merti, jina lake Talaso, tuliyemwita Ayo kama Waborana tunavyowaita mama zetu. Alipeleka maziwa ya ngamia sokoni Isiolo, na madumu yake niliyapanga karibu na tangi. Siku moja akanishika shati.

"Guyo, wateja wangu wanatema mate. Wanasema ngamia yangu imekunywa petroli. Fanya kitu."

Alikuwa na haki. Kipaipu kile kilipumulia mle mle nyuma, puani pa abiria na maziwa. Dawa ilikuwa kumrudia Warsame. Lakini nimrudie mimi, msomi? Nikachonga kijiti, nikakipaka nta, nikakishindilia kwenye kipaipu. Mfuniko nao nikauzungushia mpira wa tyubu mara tatu. Harufu ikaisha. Nikajiona profesa.

Sasa sikiliza siku yenyewe. Ilikuwa siku ya mtihani wangu, na tangi la ziada sikuwa nimelitumia tangu nilizibe. Miaka mitatu nimesoma, nimechoma mafuta ya taa ya kuwasha mji mzima, na ule mtihani wa cheti ulianza saa nane mchana. Nikaondoka Biliqo alfajiri. Nyuma nilikuwa na Ayo na maziwa yake, na Mzee Dida, mfanyabiashara wa mbuzi mwenye ulimi wa kuchunia ngozi, pamoja na mbuzi wake na mzigo wa ngozi. Hesabu yangu ilikuwa kufika saa sita, nioge, nivae shati jeupe.

Saa nne tangi kubwa likaisha. Nikageuza koki kuleta petroli ya tangi la ziada. Pikapu ikaenda vizuri, kisha ikakohoa, ikazima. Nikangoja kidogo, ikawaka. Tukaenda mwendo wa kurusha rungu, ikazima. Ikawa hivyo, waka, zima, waka, zima, kama mtu anayesimulia huku anasinzia. Nikafungua kabureta. Nikapuliza paipu za petroli mpaka mashavu yakawa kama ya chura. Nikaligonga tangi, likalia kwamba limejaa. Mfuniko sikuufungua, kwa nini niufungue? Si nililijaza mwenyewe?

Jua likapanda. Jasho lililonitoka lingetosha kuinua mto Ewaso Nyiro. Mzee Dida akatoa kichwa chini ya kitambaa.

"Dereva, hicho cheti unaendea, kinaweza kusukuma gari?"

"Mzee, nyamaza, tafadhali."

"Mimi nimenyamaza. Mbuzi ndiyo wanauliza."

Ilipofika saa saba sikuwa na la kufanya tena. Nikakaa kivulini pa gari, nikafungua daftari langu la sayansi, nikaanza kukariri kwa sauti, maana nilikuwa bado nina tumaini la kijinga. Nikasoma: "Kwa nini kopo la mafuta ya kupikia hutobolewa matundu mawili? Jibu. Mafuta yakitoka tundu moja, hewa huingia kwa tundu la pili. Likiwa tundu moja tu, mafuta hukwama." Nikarudia. Nikarudia tena, vizuri kabisa, na kituo na mkato.

Ayo Talaso alikuwa ananisikiliza, mkono kiunoni, maziwa yake yanachachuka. Akaja akasimama juu yangu.

"Hiyo nani amekufundisha?"

"Mwalimu, Ayo."

"Na hii debe yako ya petroli iko na tundu ngapi?"

"Mbi..." nikasema, na kinywa kikabaki wazi hapo.

"Ya pili iko wapi?"

Nilipanda nyuma, nikang'oa kile kijiti kwa meno. Tangi likavuta pumzi, fyuuu, kama mtu aliyetolewa mtoni, na ubavu wake uliokuwa umebonyea kwa ndani, ambao sikuuona kwa kufunikwa na ngozi za mbuzi, ukarudi kwa kishindo, duu! Mbuzi wakalia. Pikapu ikawaka mara moja na haikuzima tena mpaka Isiolo.

"Mimi sijui kusoma," Ayo akaniambia njiani kupitia kidirisha. "Lakini wewe unasoma na husikii. Nani mjinga?"

Nilifika shule saa tisa na nusu, mafuta hadi kwenye nyusi. Wenzangu walikuwa wanatoka, wamebeba penseli zao. Msimamizi alinitazama, akafunga mlango polepole, na hakuwa na kosa. Ayo aliuza maziwa yake yakiwa yamechachuka, watu wakayapenda. Mtihani ukichachuka hauna mnunuzi. Nikangoja mwaka mzima.

Warsame alipoona kijiti aliniuliza, "Uliambiwa inanuka, au uliambiwa uiue?" Kisha akaunga mpira mrefu kwenye kipaipu, akaupandisha juu ya tangi, akauteremsha nje ya bodi hadi chini, mbali na ekzosi, mdomoni akaweka kichujio cha waya cha kuzuia vumbi. Kazi ya dakika ishirini. Pua ikabaki, harufu ikaondoka. Dakika ishirini, mwanangu! Nami nikalipa mwaka. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Laiti ningevunjika guu, lingeunga mapema.

Mwaka uliofuata nikaufanya mtihani na nikapita. Swali la kopo halikuja. Niliulizwa sehemu za ua.

Kwa hiyo wewe mwenye pikapu inayometa, na wewe usiye na pikapu, nisikie. Mtu akikulalamikia, usitafute kijiti cha kumnyamazishia. Lalamiko lina haki yake; lipe njia ya kutokea pasipo kumdhuru mtu. Tangi, nyumba, hata moyo wa mke aliyenuna, ukiziba kabisa gari litasimama, tena litasimama siku ya mtihani. Na ulichokariri kisikie kwanza wewe mwenyewe. Elimu bila amali ni kama nta bila asali, na nta mimi nilikuwa nayo tele.

Nenda, mwanangu. Mungu akujaalie matangi mawili yaliyojaa, na wazee wa kukukaripia mapema. Akupe na Ayo wako wa kukuuliza swali ungali na muda. Ufike kabla mlango haujafungwa. Lakini wewe kijana wa pikapu, ile nailoni kaitoe kwanza. Leo!