Riwaya Iliyomhukumu Silvano

Lameki alikuwa na miaka minne mama yake alipomfunga mgongoni na kuvuka naye ziwa kutoka Burundi kwenda Tanzania, wakikimbia mauaji. Ilikuwa mwaka wa sabini na mbili. Siku mbili kabla ya hapo baba yake, Yeremiya, alikuwa amepandishwa lori kwenye baryeri, kizuizi cha askari katika barabara kuu, na hakuonekana tena. Nani alimtaja, nani alimwonyesha, hakuna aliyejua. Mama alikufa uhamishoni akiwa bado anauliza.

Lameki alirudi Rumonge mwaka 2008, mtu mzima wa miaka arobaini, mwenye cheti cha ualimu na mke mgonjwa aliyefariki kabla ya kumaliza mwaka wa pili nyumbani. Shamba la michikichi la baba yake alilikuta mikononi mwa jirani wa zamani, Silvano. Wengine waliorudi walipelekana mahakamani mpaka wakazeeka huko. Silvano hakungoja kuitwa. Alichukua kamba, akapima shamba katikati mbele ya mkuu wa kilima, kiongozi wa kijiji chao, akasema, "Baba yako alipanda huku, mimi nikaongeza kule. Tugawane, tuishi." Tangu siku hiyo nyumba zao zilitazamana, na waliposalimiana asubuhi kila mmoja alikuwa mlangoni pake.

Lameki alifundisha Kiswahili sekondari, na jioni aliandika. Riwaya yake ya kwanza ilisimulia juu ya maisha ya kambini. Ilichapwa Dar es Salaam, na mtu mmoja tu aliyeaminika katika mambo hayo akaichambua: Hyacinthe, mhadhiri wa Bujumbura aliyekuwa na kipindi cha vitabu redioni. "Lugha ni tamu," alisema, "lakini riwaya haina meno. Maovu yanatendeka, mtenda maovu hayupo."

Maneno hayo yalimkaa Lameki kama mwiba wa samaki kooni. Kwa miaka sita aliyatafuna. Yalimuuma kwa sababu yalikuwa kweli hata nje ya kitabu. Katika maisha yake yote mtenda maovu hakuwahi kuwa na sura. Basi akampa sura.

Katika riwaya ya pili alimwumba Mzee Silasi, mkulima mpole anayemnyooshea jirani yake kidole kwenye baryeri ili apate michikichi yake. Silasi huyo alihitaji mwili, na mwili wa karibu ulikuwa ng'ambo ya ua. Lameki akachukua mguu wa kushoto unaoburutwa. Akachukua ulimi unaogongwa kwenye kaakaa kabla ya kila sentensi, na ile desturi ya kunawa mikono kwa majivu baada ya kukamua mawese. Hakujiambia kwamba anamwandika Silvano. Alijiambia kwamba anaandika mtu.

Kitabu kilipotoka, Hyacinthe alikitengea kipindi kizima. Lameki alisikiliza katika chumba cha walimu pamoja na wenzake. "Hatimaye mwandishi ameota meno!" alisema Hyacinthe. "Amethubutu kutamka lile ambalo Rumonge nzima inalijua na kulimeza. Silasi hakutungwa. Silasi tunaishi naye." Walimu wakapiga makofi. Lameki akacheka, akasikia joto likimpanda kifuani ambalo hakuwa amelisikia tangu ujana.

Wiki haikuisha kabla kurasa za baryeri hazijapigwa picha na kuanza kutembea kutoka simu hadi simu. Watu ambao hawajawahi kushika riwaya walizijua kurasa hizo kwa moyo. Mguu wa kushoto, wakasema. Ulimi, wakasema. Huyu si mwingine.

Speciosa, mjane wa mtoto wa Silvano, ndiye aliyekuwa akiuza mawese ya nyumba hiyo sokoni. Siku moja alirudi na madumu yake yote yamejaa kama alivyoyabeba. "Wanayaita mafuta ya damu," alimwambia mama mmoja njiani, na Lameki akasikia akiwa nyuma ya ua wake. Hakutoka. Alijiambia kwamba kelele za soko hupita.

Asubuhi ya Jumapili iliyofuata, michikichi tisa ya upande wa Silvano ilikutwa imelala chini, imekatwa kwa shoka. Hapo Lameki alivuka ua.

"Amahoro, Muzehe," alimsalimia mzee kwa Kirundi.

"Amahoro, Mwalimu. Ingia. Kiti iko pale."

Silvano alikuwa ameketi kwenye mkeka, kitabu kando yake. Hakujua kusoma.

"Speciosa amenisomea," alisema baada ya kugonga ulimi kaakaani. "Siku tatu. Unaandika vizuri. Mguu ni wangu. Ulimi ni wangu. Mpaka majivu. Sasa nakuuliza, mwana wa Yeremiya: habari ya baryeri, nani alikuambia?"

"Hakuna aliyeniambia, Muzehe. Nilitunga."

"Ulitunga."

"Kitabu kilihitaji mtu."

Mzee alikifunika kitabu kwa kiganja. "Ile siku mimi nilikuwa Kabezi, nimepeleka samaki. Niliporudi nyumba yenu ilikuwa wazi, mbuzi wameingia ndani. Toka hapo najiuliza: kama ningekuwepo, ningesema neno ya kumuokoa? Pengine ningenyamaza. Niliogopa sana wakati ule. Hiyo ungeandika, nisingekataa. Lakini kidole hiki," akakiinua, "hakikunyooka. Mbona hukuniuliza? Kutoka kwako mpaka hapa ni hatua ishirini."

Kilichomchoma Lameki zaidi ni kwamba pale pale, akiwa ameona haya, alitambua kwamba habari ya mzee ilikuwa hadithi bora kuliko yake.

Alikwenda Bujumbura, akaomba kusema katika kipindi kile kile. Alisema wazi, mara mbili, kwamba Silasi ni mtu wa kubuni, kwamba jirani yake hakumtaja yeyote, kwamba maumbile ya mzee aliyaiba na hatia akaipachika mwenyewe. Simu zikaanza kupigwa. "Wamemtisha huyo," alisema msikilizaji wa kwanza. "Wamemnunua," alisema wa pili. Hyacinthe alimsikiliza kwa heshima, kisha akahitimisha kwa sauti yake nzuri: "Ndugu wasikilizaji, kanusho hili ndilo ushahidi wa uzito wa kitabu. Ukweli ukishatoka, hata aliyeusema huuogopa."

Nje ya studio Lameki alimshika mkono. "Bwana Hyacinthe, nimekuambia si kweli."

"Mwalimu, wewe umeandika. Kusoma tuachie sisi."

Mwezi huo mchapishaji alipiga chapa ya pili. Lameki alimwandikia asitishe, akajibiwa kwamba vitabu viko njiani tayari.

Silvano aliondoka Rumonge mwanzo wa mvua, akapandishwa nyuma ya pikapu na godoro lake, kwenda kwa binti yake Bugarama, milimani. Hakumuaga Lameki, na Lameki alisimama mlangoni pake akitazama mpaka gari likapotea. Mkuu wa kilima mpya alimjia akitabasamu: upande ule sasa uko wazi, mbona asiuchukue, haki ni haki? Lameki alimfukuza. Nyasi zikaota juu ya michikichi iliyolala.

Mzee hakumaliza miezi mitatu kule juu. Lameki alipata habari ya kifo shuleni, akapanda Bugarama na shati lake jeusi. Speciosa alimkuta kwenye njia ya kuingilia uani.

"Rudi, Mwalimu."

"Nimekuja kuzika."

"Ulishamuzika. Kama unataka, kaa huku nje na wapita njia."

Akakaa. Alikaa juu ya gogo, pamoja na wanaume wa kilima ambao hawakumjua marehemu, waliokuja kwa sababu msiba ni msiba. Nyimbo za kanisa zilisikika kutoka ndani, zikikatika na kuanza tena. Mmoja wa wale wanaume, mkulima wa muhogo mwenye udongo mikononi, alimtazama mara mbili tatu, kisha akamsogelea.

"Samahani, si wewe ule mwandishi wa Rumonge? Uliyeandika habari za huyu mzee?"

"Huyu mzee hakufanya lolote," alisema Lameki.

Mwanaume yule aliitikia kwa kichwa, akamshika bega kwa upole kama mtu anayeelewa. "Ndiyo. Leo ndivyo inabidi kusema. Lakini murakoze, asante, Mwalimu. Ulitufungua macho."

Ndani walianza kulitoa jeneza. Watu wote kwenye gogo walisimama, na Lameki naye akasimama.