Gunia Lenye Homa

Juzi nilikuwa Nyarugusu kikazi. Kando ya barabara akina mama walikuwa wameketi kwenye lundo la magwangala, yale mabaki ya mawe ya mgodini, wakichagua kwa mkono: hili lina dhahabu, lile tupa kule. Vidole vyao vilivyokuwa vyepesi! Dereva wa bodaboda alinipigia honi mara mbili sikusikia. Kimawazo nilikuwa nimesharudi utotoni, kwa bibi yangu, jirani na Kolandoto, msimu wa pamba.

Msimu ule, ndugu yangu, ulikuwa raha tupu. Tulichuma tukiimba, huku tunatafuna matobolwa, viazi vilivyochemshwa vikakaushwa, vigumu kama kokoto na vitamu ajabu. Bibi alikuwa na desturi yake. Mjukuu ambaye pamba yake ni safi kuliko ya wenzake ndiye atakayepanda naye lori hadi Shinyanga mjini, aione treni. Sisi treni tuliisikia kwa watu tu. Niliitaka hiyo safari hadi nikawa naiota.

Tamaa ikaniponza. Bibi alikataza kuchuma kabla umande haujakauka. Mimi nikadamka alfajiri, nikashindilia gunia langu kabla wenzangu hawajanawa uso. Siku ya tatu bibi akapita kukagua, akazamisha mkono kila gunia hadi kiwiko. Kwenye langu akashtuka.

"Hili la nani? Lina homa!"

Pamba mbichi ilikuwa imechemka humo ndani, imeanza kuwa njano. Mficha uchi hazai, nikasema ni langu.

"Ng'wanawane," alisema, mwanangu, "pamba haidanganywi. Mwaga chini, chagua upya."

Nilishinda jamvini nikitenganisha safi na fifi, ile chafu ya njano, machozi na kamasi vikinitiririka. Safari ya mjini akaenda mdogo wangu. Huko bibi alibaki kwenye ghala la wanunuzi akichambua lile gunia langu, walilolirudisha kwa kuwa bado lilikuwa na fifi, utingo wa lori ndiye akampeleka mtoto stesheni. Tulimsubiri kwa hamu atusimulie, naye akasema tu, "Ni ndefu." Nilitaka kumzaba kofi!

Mwaka uliofuata nililisubiri jua kama muumini. Bibi akaita jina langu mbele ya wote. Nilipiga kelele hadi kuku wakatawanyika! Ghalani wakakagua magunia yetu yote, hawakurudisha hata moja. Kabla ya saa sita tulikuwa huru, bibi akanishika mkono tukaenda stesheni.

Treni ilipoingia ikinguruma, nilirukaruka kwa furaha. Kugeuka, bibi amejificha nyuma yangu, amenishika mabega, anacheka huku analia.

"Kumbe ndiyo hii!"

Miaka yote ile alikuja mjini akaishia ghalani, akichambua upya magunia tuliyoyaharibu sisi wajukuu. Lile shamba sasa lina nyumba za bati, na wajukuu wake tumetawanyika. Bibi hakuvuna tena baada ya msimu ule. Treni aliiona mara hiyo moja tu, na mwaka mmoja kabla nilikuwa nimemkosesha mimi.