Mbegu Nilizokwenda Nazo Kanisani

Chekeni tu, lakini mkimaliza msinitazame tumbo, maana hata leo nikikumbuka ile Jumapili ya Wusi masikio yananiwaka moto.

Mimi nililelewa Voi, kwenye landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, na Voi ni joto, mbegu ukiidondosha mlangoni inaota yenyewe. Nikaolewa Wusi, huko juu milimani, ambako mwezi wa saba ukungu unakuingilia mpaka jikoni. Mama mkwe wangu, Mama Mwakio, alikuwa amesia nyanya mara mbili na mara zote mbili zikaozea udongoni kwa baridi, akabaki na mbegu za mwisho, za kujaza kiganja tu, na bila hizo shamba la bondeni lingekaa tupu msimu mzima. Nami, na huu mdomo wangu, nikasema, "Mama, niachie mimi. Kwetu tunazifunga kwenye kitambaa kibichi, zinaota hata kabla hazijaona udongo."

Akanipa. "Wakesho, zikiharibika hizi, hatuna nyingine."

Basi nikaziweka karibu na mafiga, kitambaa kikakauka, nusura nizikaange. Nikazisogeza kwa kuku aliyekuwa akiatamia, kuku akaanza kudonoa. Joto la taratibu, lisilozimika, ningelitoa wapi? Nikajifunga tumboni! Kitambaa kibichi chenye mbegu, jani la mgomba, kipande cha blanketi, leso ya kukaza, halafu gauni juu (nilionekana nimemeza bakuli). Nikapika nazo, nikalala nazo, mume wangu nikamwambia tumbo linanisokota, na mama mkwe sikumwambia kitu, maana nani atakula nyanya akijua zilianzia wapi?

Jumapili sikuthubutu kuzivua, nyumba nzima inakwenda kanisani na moto unazimwa. Nikatembea polepole, mkono tumboni. Sasa mjue, nilikuwa na miaka miwili kwenye ndoa bila mtoto, na majirani hawakuwa na haya ya kuuliza. Mama Mghoi, jirani yetu, akanitazama, akamtazama mama mkwe, akasema, "Taratibu, mwanangu, hapo pana utelezi."

Mama mkwe akasimama katikati ya njia, macho yakamjaa machozi. Hapo ndipo ningesema! Neno moja tu! Nikaona haya, nikatabasamu (mjinga mimi), nikaendelea na safari.

Kanisani, wakati wa matangazo, nikamwona mama mkwe anainuka.

"Bwana ameikumbuka nyumba yangu," akasema. "Jumapili ijayo nitaleta kuku wa shukrani."

Vigelegele hivyo! Mzee wa kanisa akaniita mbele niombewe, na kila hatua nasikia fundo la leso linalegea, maji ya kile kitambaa yananitiririka mguuni, nimebana viwiko, jasho linanitoka na baridi yote ile, namwomba Mungu fundo lishike mpaka amina, halafu nitakimbilia popote, hata Voi kwa miguu.

"Piga magoti, binti yangu," akasema mzee.

Nikapiga. Fundo likaachia. Furushi likaanguka kwenye saruji, likafunguka mbele ya viatu vyake.

"Yesu wangu! Ni nini hicho?" mtu akapiga kelele huko nyuma.

Mama mkwe akaja. Nikafumba macho kungoja kofi. Nilipofumbua, alikuwa amepiga magoti kando yangu, anaokota mbegu moja moja na kuziweka kwenye kitambaa chake cha kichwa, na kila moja ina kimzizi cheupe.

"Msizikanyage," akasema. "Zimeota."

Machozi yalimdondoka na hakuyafuta. Wallahi ningependelea kofi.

Njiani alitangulia, kitambaa cha mbegu amekikumbatia. Lakini Jumapili iliyofuata nikamkuta anamfunga jogoo miguu.

"Mama, kuku wa nini tena?"

"Kuku nilimwahidi Mungu," akasema. "Wewe sikukuahidi kitu."

Nyanya zilizaa sana, na sokoni Wundanyi wanawake waliziita wajukuu wa Mama Mwakio, wanacheka mpaka wanashikana, naye anawauzia tu. Tangu hapo mbegu zangu nazilaza kwenye chungu kando ya majivu ya vuguvugu, na mtu akinidhania jambo namjibu papo hapo, hata kama ni katikati ya maombi.

Mwaka uliofuata nikashika mimba ya kweli. Nikamwambia yeye kwanza, jikoni, kwa kunong'ona. Akaweka mwiko chini, akanitazama juu mpaka chini.

"Fungua leso nione."