Chombo cha Maziwa cha Hawe

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeufundisha mkono wa mwanadamu kusuka na kuchonga, na akaupa ulimi wake nafasi ya kukiri kosa kabla ya kufungwa na mauti. Namshukuru kwa umri alionipa, na kwa kumbukumbu alizoniachia, hata zile zinazoniuma. Rehema na amani zimshukie Mtume wake, pamoja na jamaa zake na masahaba zake.

Mwanangu, nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi, zamani za ujana wangu, niliposimama mlangoni pa nyumba moja ndogo karibu na Garsen nikasema uongo mfupi kuliko pumzi. Nitakusimulia uongo huo. Lakini kwanza yakupasa uijue nyumba yenyewe, maana bila nyumba hutaona uzito wa neno.

Nyumba ile aliianzisha Mzee Komora, mchonga mitumbwi. Mwaka mmoja mto ulifurika mara mbili, ukachukua mashamba ya ukingoni na kuwatawanya mafundi. Maji yalipopungua, Mzee Komora akaona vijana wanachonga makasia mabaya, na kila fundi aliyebaki anaficha ujuzi wake kama mtu anayeficha mbegu wakati wa njaa. Akasimamisha nyumba juu ya nguzo za mkoma, kuta za matete, akawaambia watu wa mtoni: kila anayefanya kazi kwa mkono wake alete kitu kimoja alichokifanya mwaka huu, kikae hapa watu wakione. Atakayekipenda, mwenyewe yu hai, amfuate akamwulize.

Yakaja makasia, mikeka ya ukindu, vyungu, mizinga ya nyuki, ngoma moja ya mti wa mkuyu. Watu wakawa wanaingia, wanatazama, wanabishana. Hapakuwa na jambo kama lile katika nchi yetu.

Mwalimu wetu wa chuo, aliyenisomesha Kurani mimi na wenzangu, hakupendezwa. Siku ya kwanza alisimama chini ya ngazi, hataki kupanda.

“Komora,” alisema, “leo mmeweka kasia. Kesho mwenye kasia akifa, mtu ataleta ubani. Keshokutwa ataleta na kuku.”

“Basi mwenye kazi akifa, kazi yake itatoka humu. Itarudi kwa watoto wake kabla ya arubaini.”

“Utaapa?”

“Naapa, mwalimu. Panda basi, chui hayumo.”

Mwalimu akapanda. Hiyo ndiyo ikawa sheria ya nyumba: humo hukaa kazi za walio hai tu. Mzee Komora alikuwa akisema makaburi tunayo ya kutosha, tena mto hutuchimbia mengine bila kuombwa.

Macho ya Mzee yalipoanza kuingia ukungu, alinipa mimi utunzaji. Nilikuwa na miaka kama ishirini na mitatu. Baba yangu alikuwa mtu wa Kipini, mama yangu Mpokomo wa hapo hapo. Nilijua kusoma, nilijua kuchonga kidogo, na nilijiona najua zaidi ya hayo.

Wakati wa kiangazi wafugaji huteremsha ng'ombe kutoka mbugani waje kunywa mtoni, na wanawake wao huja vijijini na maziwa wabadilishane na mahindi na ndizi. Mmoja wao alikuwa mama aitwaye Hawe. Kila alipomaliza biashara yake alipanda ngazi ya nyumba yetu, akakaa kitako kimya, akitazama misuko ya mikeka. Msimu wa tatu akaja na chombo cha maziwa alichokisuka mwenyewe, akakiweka sakafuni.

Vijana wa kijiji wakaguna. Mmoja akasema, “Hii ni nyumba ya mto. Tukipokea hiki, mwakani ataleta ngozi, na mwaka wa pili ng'ombe mwenyewe.”

Hawe akautazama mlango, kisha akamtazama yule kijana. “Ng'ombe haingii,” alisema. “Mlango yenu ndogo. Lakini wewe umeingia, sijui namna gani.”

Watu wakacheka, na yule kijana, ambaye kweli alikuwa mnene, akacheka pia. Mzee Komora akakishika kile chombo, akakizungusha vidoleni, akaingiza pua ndani. Akasema, “Kiwekwe mahali pa mwanga.”

Mwanangu, sijaona tena msuko kama ule. Ulikuwa wa nyuzi za mizizi, umekazwa hata maziwa hayapati pa kutokea, na kifuniko kilikaa juu yake kama ukucha ulivyokaa juu ya kidole. Shingoni kilifungwa ukanda wa ngozi ya ndama. Ukikifunua kilitoa harufu ya moshi wa kuni, maana wanawake wale hufukiza vyombo vyao ili maziwa yasiharibike, na kila mwanamke ana mti wake na kipimo chake cha moshi. Wapiga kasia walioteremka kutoka Bura, na wakulima wa Idsowe, walikuja kukitazama. Wakikisifu walinitazama mimi, nami niliitikia kana kwamba nimekisuka. Nikaanza kusema “nyumba yangu.” Cha kuazima hakisitiri matako, lakini mimi nilijifunga hicho hicho nikatembea nacho barazani.

Kiangazi kilichofuata, mchungaji mmoja aliyekuja kunywesha aliniambia kwamba Hawe amefariki huko malishoni. Nikasema, “Sisi ni wa Mungu na kwake tutarejea.” Kisha nikapanda ngazi, nikakitazama chombo, na sikumwambia mtu yeyote. Nilijiambia nitakirudisha baada ya mavuno, wageni wakishapungua. Arubaini ikafika, ikapita.

Asubuhi ile niliyokutajia, nilikuwa juu nafagia. Nikamwona msichana mrefu na kijana mmoja wakiwauliza njia wanawake waliokuwa wakiteka maji. Nilijua ni nani kabla hawajafika. Msichana alikuwa na mwendo wa mama yake. Nikakichukua chombo, nikakifunika kwa mikeka pembeni, nikasimama mlangoni.

Kijana akaniamkia, akajitaja kuwa Bonaya. “Huyu dada yangu, Dabo,” alisema. “Sisi watoto ya Hawe.”

Nikawapa pole ya msiba. Dabo hakupoteza wakati. “Mimi naolewa siku tano ijayo,” alisema. “Nimekuja chukua kitu ya mama.”

Mila yao, mwanangu, ni kwamba bibi arusi huingia katika nyumba yake mpya na chombo alichosukiwa na mama yake, na maziwa ya kwanza anayompa mumewe hutoka humo. Hawe alikuwa amemwambia bintiye tangu mapema: chako ni kile kilicho mtoni, nimekiweka huko wakione, siku yako ikifika kakichukue. Hayo Dabo alinieleza pale pale, kwa utulivu, kama mtu anayeeleza njia.

Nikasema, “Mchwa wamekila.”

Bonaya akapiga kofi pajani. “Mchwa yenu ya mtoni ina meno ya fisi! Sisi kwetu mchwa haigusi kitu ya moshi.”

Dabo hakucheka. Aliuliza, “Hata kifuniko?”

“Hata kifuniko, dada.”

“Na ngozi ya ndama?”

“Vyote.”

Akasema, “Basi nipe ile imebaki. Hata unga yake. Nitafunga kwa nguo.”

Njia ya mwongo ni fupi, na mimi yangu ilikuwa imefika ukingoni. Nikasema nilivitupa mtoni. Alinitazama kwa muda, si kwa hasira, bali kama mtu anayejaribu kukumbuka mahali alipoweka kitu. Akamgusa nduguye begani wakaondoka. Walitembea siku moja na nusu kuja, na siku moja na nusu iliwangoja kurudi.

Nami nikarudi ndani, nikakitoa chombo chini ya mikeka, nikakirudisha mahali pake pa mwanga.

Siku mbili baadaye ilikuwa Ijumaa. Kabla ya sala Mzee Komora alikuwa na desturi ya kuja kuvitembelea vitu kwa mikono, kimoja kimoja. Alipofika kwa chombo cha Hawe alisimama. Akakigonga kwa ukucha. Akafunua, akanusa.

“Hiki kina kiu,” alisema. “Hawe alikuwa akija kukipaka siagi na kukifukiza. Yuko wapi?”

Ningeweza kusema sijui. Namshukuru Mungu aliyenizuia ulimi siku ile, kwa kuwa sikuwa na nguvu ya kujizuia mwenyewe. “Amefariki,” nikasema.

“Lini?”

“Kabla ya mavuno.”

Mkono wake ulibaki juu ya kifuniko. “Ana mtoto?”

“Ana binti. Alikuja juzi.”

“Ukamwambiaje?”

“Nilimwambia kimeliwa na mchwa.”

Mzee Komora akakaa chini polepole, na magoti yake yakalia. Nilingoja anipigie kelele. Ningefurahi kama angenipigia kelele. “Huyo mchwa,” alisema, “nilimpa nyumba kwa mkono wangu mwenyewe.” Adhana ilipoanza, akaongeza, “Heri kufa macho kuliko kufa moyo. Mimi sikioni, nawe unakiona kila siku, na wewe ndiye uliyempoteza mwenye nacho. Arusi ni lini?”

Nilipohesabu, nikaona zimebaki siku tatu, na mbili kati yake zingeliwa na njia. “Nikiondoka baada ya sala nitafika.”

“Basi usinitazame mimi.”

Nilisali, nikakifunga chombo katika shuka, nikaondoka. Lakini mwanangu, aliyekawia kutubu hukawia na kufika. Jua lilikuwa kali, visima viwili nilivyoelekezwa vilikuwa vimekauka, na wale wafugaji walikuwa wamehamisha boma kufuata majani. Nilizunguka siku moja nzima mbugani nikiuliza kila niliyekutana naye. Nilipofika kwenye boma lenyewe ilikuwa adhuhuri, na niliyaona majivu ya moto wa karamu, na watoto wakigombania mifupa. Arusi ilikuwa imefanyika jana yake.

Walinipeleka kwa Dabo. Alikuwa ndani ya nyumba mpya ya matawi na mikeka, pamoja na shangazi yake. Ukutani kilining'inia chombo cha maziwa, kikuukuu, cha kuazima kwa shangazi; hicho ndicho alichoingia nacho. Nilikaa chini nje ya mlango, nikafungua shuka, na nikasema yote mbele ya wanawake waliokuwapo. Sikutafuta maneno mazuri. Nilisema nilificha, nilisema nilidanganya, nilisema hakuna mchwa.

Shangazi akasema neno kwa lugha yao ambalo sikuhitaji kutafsiriwa.

Dabo akakipokea chombo kwa mikono miwili. Akakifunua, akaingiza uso ndani kama alivyofanya Mzee Komora. Alipoinua uso alisema, “Moshi ya mama imekwisha. Ina harufu ya nyumba yenu.”

Shangazi akaleta maziwa kidogo akamimina, kujaribu. Yakasimama, kisha tone likatokea chini, na tone jingine, yakamlowesha Dabo kiganja. Kilikuwa kimekauka hata msuko umeachia. Nilitunza miezi yote ile nisione.

“Kitaziba,” shangazi akasema. “Siagi na moshi, kitaziba.”

Nikamwomba Dabo radhi. Sijasahau jibu lake, na Mungu ndiye shahidi yangu kwamba sijaongeza wala kupunguza. Alisema, “Kitu nimepata. Siku yangu sikupata. Nenda, kunywa maji, rudi kwenu.”

Mwenye kovu usidhani kapoa. Nilikunywa maji, nikarudi.

Ijumaa iliyofuata nilisimama baada ya sala nikawaeleza watu. Wako waliosema nyumba ibomolewe. Mwalimu, ambaye angekuwa na haki ya kusema “Niliwaambia,” hakulisema. Aliuliza tu nani atawatembelea wenye kazi, ajue nani mzima na nani hajiwezi. Mzee Komora akasema, “Huyo huyo. Ameshaijua njia.” Tangu hapo kila mwezi ulipoandama nilitoka, kijiji hadi kijiji na boma hadi boma, nikiwaamkia mafundi. Anayetunza kazi za watu asijue hali zao, huyo anatunza vumbi. Nilifanya hivyo miaka mingi, mpaka mto ulipohama na kuula ule ukingo pamoja na nguzo za nyumba. Siku ile nyumba ilianguka tupu. Kila kitu kilikuwa kimekwisha kurudi kwa mwenyewe.

Basi mwanangu, sikia ninalokuusia. Dini yetu imetuamuru tuzirudishe amana kwa wenyewe, na amana ina saa yake kama sala ilivyo na saa yake. Ukiichelewesha, utakachokabidhi ni mwili wake tu. Kukipenda kitu hakukufanyi kuwa mwenye nacho, hata ukikipenda kuliko wote. Ukipewa kutunza cha watu, iwe ni kitabu, shamba, cheo au mtoto yatima, waulize wenyewe kabla hawajakuuliza. Na ukiisha kusema uongo, ondoka uende ukaukane leo, ingawa umechelewa, wala usiende kwa kutumaini kusamehewa kama mtu anayedai ujira. Nenda kwa sababu kitu si chako.

Mola akujalie mikono inayoachia kwa wakati. Akupe mzee wa kukukemea bila kukudhalilisha, na moyo wa kumsikia. Awarehemu Hawe na Komora na mwalimu wetu, ampe Dabo, popote alipo, chombo kisichokauka, nawe uliyesoma mpaka hapa akufikishe salama kwa kila anayekungoja. Amina.